Kona ya Mfadhili

Kosa lilikuwa langu mwenyewe, nakiri. Mimi ndiye niliyempeleka Godlisten kuangalia picha za kale.

Mwaka huo wa 2006 nilikuwa mlinzi katika jumba moja la sanaa mjini Washington. Kazi yangu ilikuwa kusimama kutwa nzima nikiwaambia watu wasiguse. Lakini kwetu Tukuyu nilikuwa mchoraji, kwa hiyo usharika wetu wa Waswahili pale Riverdale Park ulipotaka picha kubwa ya ukutani, Mchungaji Phineas aliniomba mimi. Godlisten, mwenye kampuni ya kutunza wazee huko Herndon, akasema atagharamia kila kitu, kuanzia mbao mpaka brashi. Nikafurahi kama mjinga. Siku yangu ya mapumziko nikamtembeza kazini kwangu, aone wachoraji wakubwa wa kale walivyofanya.

"Na hawa waliopiga magoti pembeni ni kina nani?" aliuliza mbele ya picha moja. "Mitume?"

"Hapana, mzee. Hao ni matajiri waliolipia. Zamani zile ukimlipa mchoraji akuchoree Bikira Maria kanisani, na wewe anakuweka humo humo."

Alisimama mbele ya picha ile muda mrefu, mikono nyuma. Nilidhani anamtafakari Mungu. Kumbe anatafuta kona yake!

Simu zikaanza. Jumatatu alitaka awe chini kabisa, mdogo tu, "kwa unyenyekevu". Jumatano akataka avae suti yake ya kijivu. Ijumaa akasema hapigi magoti, maana aliyepiga magoti haonekani kutoka viti vya nyuma. Nikamchora, nikamkwangua, nikamchora tena. Rangi ya mafuta si chapati useme utaigeuza unavyotaka, lakini nani wa kumwambia? Mchungaji kila nikimlalamikia ananijibu, "Vumilia, Boni, mfadhili ni mfadhili."

Mwezi wa kumi na moja akaja mwenyewe Adelphi, kwenye apatimenti yangu, viatu vimelowa mvua, akasimama juu ya zulia langu. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani sebuleni: Yesu mchanga analetwa hekaluni, Simeoni amempokea, na kulia kwao yuko Ana, yule mjane mzee asiyeondoka hekaluni usiku na mchana. Nilikuwa nimemvika kanga. Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, na meno ya mbele yalikuwa na mwanya.

"Hapo kulia kwa Yesu ndipo pazuri," alisema. "Huyu bibi mfute. Niweke mimi."

"Hapana."

"Boni, sponsa ni nani?"

"Ni wewe. Chukua mbao zako, chukua na brashi zako. Lakini bibi hafutwi."

"Bibi gani wa kunikosesha nafasi? Kwenye Biblia nzima katajwa mara moja tu!"

"Ni mama yangu!" Nilipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. "Ni mama yangu, alikufa, na mimi sikumzika!"

Yakanitoka yote. Alikufa mwaka 2004, nikiwa na miezi minne tu Marekani, makaratasi yangu hayajakamilika, ningetoka, nisingerudi. Sikuwa namjua mtu. Kesho yake nilikwenda kazini nikawaambia watu wasiguse. Sasa nilitaka walau kanisani apate mahali pa kusimama, watu wamwone.

Godlisten aliniangalia. "Msiba ulikaa wapi?"

"Haukukaa popote."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Hasira zote za kona na suti zilikuwa mchezo. "Umefiwa na mama mzazi, miaka miwili unaimba besi nyuma yangu kwenye kwaya kila Jumapili, na umenyamaza? Sisi kwako ni mbwa?" Akatoa simu, akaanza kupiga, na hakuniuliza kama nataka.

Jumapili baada ya ibada apatimenti yangu ikajaa. Godlisten alikuwa kero tupu. Aliamuru kochi litolewe kwenye korido, akagombana na kina mama juu ya wali, akaniondoa jikoni kwa kunishika shati. "Mfiwa hapiki! Kaa kwenye mkeka!" Nilikaa, nimenuna, nikitamani waondoke wote. Vijana wakataka kuitoa na picha ili nafasi ipatikane.

"Hiyo iacheni," alisema Godlisten. "Geuzeni mikeka, watu wamtazame mama."

Wakageuka, watu kama arobaini. Chepkirui, mama wa Kikenya anayeongoza kwaya, akasimama kuomba, kisha akasita na kuniinamia.

"Pole sana, ndugu yangu. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Machozi yakanitoka, na nilijichukia kwa kulia mbele za watu.

"Bupe," nilisema.

"Sema kwa nguvu!" Godlisten alifoka kutoka jikoni, mwiko mkononi, macho mekundu. "Huku nyuma hatusikii!"

"Bupe!" nikapaza sauti. "Mama yangu anaitwa Bupe!"