Alhamisi za Chasib

Kwa miaka sita Nagham na Chasib waliandika makala moja bila kukaa chumba kimoja. Nagham alifundisha chuoni Mosul, juu kabisa kaskazini. Chasib alifundisha Basra, kule mto wa Shatt al-Arab unakoingia baharini, na siku hizi bahari nayo inaingia mtoni. Kila Alhamisi asubuhi Chasib alishuka ukingoni, kwenye mji wa Abu al-Khasib, akachota maji, akapima chumvi, kisha akajaza tarakimu kwenye jedwali lao la mtandaoni. Nagham, na chai yake mkononi, aliuona mshale wenye jina la Chasib ukitembea kwenye kioo cha kompyuta, akamjibu pembeni. Utani wao wote uliishi humo.

"Nyie watu wa Mosul mnabania hata maneno," Chasib aliandika siku moja. "Nimekuandikia aya nzima, unanijibu 'sawa'."

"Basi sawa, sawa. Nimekuongezea moja, usiwatangazie Basra nzima."

Makala hiyo ndiyo iliyobaki kati ya Nagham na uprofesa. Kamati ilitaka vipimo vya miaka sita kamili kabla mwaka haujaisha, naye alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Akikosa safari hii, asingekuwa na moyo wa kuanza upya. Kwa hiyo mwezi wa Machi, Chasib alipomwomba wahamishie vipimo Jumamosi, hakuuliza hata kulikoni.

"Abu Rihab," akamjibu, akimwita kwa jina la mwanawe kama desturi, "Alhamisi ni Alhamisi. Tukibadilisha siku, wahakiki watatuchana."

"Sawa," Chasib akaandika, na Nagham akaendelea na kazi zake.

Ilikuwa mchana mmoja wa Oktoba, akichora michoro ya mwisho, alipoona mstari wa mwaka huu umelala juu ya ule wa mwaka jana kama pacha na pacha. Na Iraq nzima ilikuwa imeona picha za Abu al-Khasib kiangazi kile: chumvi imepanda mto, nyati wamekufa ukingoni, watu wamepanga foleni ya maji ya kunywa. Jedwali lenyewe lilisema maji ni mazuri. Mwenye macho haambiwi tazama. Chasib alikuwa amechukua tarakimu za mwaka jana, akapunguza hapa, akaongeza pale.

Hasira ilimpanda Nagham. Akampigia.

"Abu Rihab, tangu Machi umeshuka mtoni mara ngapi?"

Nyuma ya Chasib mashine ilikuwa inanguruma, na muuguzi anaita jina la mtu.

"Hata mara moja, Dokta."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Hospitali. Si leo Alhamisi? Um Rihab figo zimekufa zote mbili. Wanamsafisha damu kwa mashine, na zamu aliyopata ni Jumatatu na Alhamisi, saa tatu mpaka saa saba. Asiponiona hapa pembeni anang'oa mipira."

"Mkeo anaumwa hivyo, na mimi hukuniambia?"

"Nilikuomba Jumamosi."

Hasira yote ya Nagham iligeuka aibu, na aibu ni mbaya zaidi, maana haina mtu wa kumtupia.

"Niliogopa kukuharibia uprofesa," Chasib akasema. "Sasa nimekuharibia vyote."

Simu haijakatwa, mshale wenye jina lake ukatokea kwenye jedwali. Safu ya kwanza ya Machi ikafutika. Ikafuata ya pili.

"Acha, Abu Rihab. Tutazifuta pamoja."

"Niache, dada. Uongo nimeuweka mimi."

Zilikuwa safu thelathini. Nagham alizitazama zikiondoka moja moja, na uprofesa wake ukiondoka nazo, lakini machozi yaliyomtoka hayakuwa ya uprofesa. Alikuwa analilia lile jibu lake la Machi. Kesho yake akaiandikia kamati kwamba makala haipo tena, kisha akamwandikia Chasib pembeni mwa jedwali: "Vipimo visubiri. Kaa na mkeo."

Alhamisi tatu zikapita tupu, na kila moja Nagham alilifungua jedwali asubuhi, akaliona halina kitu, akashukuru Mungu. Ya nne, saa tatu na dakika kumi, akakuta mshale wa Chasib umo ndani. Tarakimu ikaingia. Chumvi ilikuwa kali kuliko zote walizowahi kuandika, na hii haikutoka mwaka jana. Mtu alikuwa amesimama mtoni asubuhi ile, saa ya hospitali, akachota.

Nagham alielewa kabla hajauliza. Aliandika pole, akaifuta, akaandika tena. Kabla hajamaliza, Chasib akajaza nafasi ya maelezo, ile wanayoandika hali ya upepo na maji.

"Tulimzika Jumapili. Matanga yameisha jana. Leo saa tatu imefika, sikujua niende wapi."