Nusu Gramu ya Ini

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, fundi wa maabara alibandika ukutani mchoro wa ukoo uliotoka kwenye mashine: kuku, popo, kenge, kambare, binadamu na, kwenye tawi lake peke yake, chura wa kinamasi. Mashine ilikuwa imesoma vinasaba vya wote sita na kuonyesha nani ndugu wa nani, na walitengana lini.

Saa tatu ndugu wakafika. Kuku alitangulia, maana kuku hana subira. Waliketi kwenye benchi la mapokezi, kambare ndani ya ndoo, na katikati wakaacha nafasi moja.

"Una wageni," dada wa mapokezi alimwambia fundi. "Nimeshawaandika kitabuni. Wamemfuata ndugu yao."

Chura yule alikuwa wa mwisho; walimtafutia mwenzake wiki tatu wasimpate. Angeweza kumpangusa ngozi kwa pamba, apate vinasaba, na kumrudisha majini. Lakini fomu ilidai nusu gramu ya ini, na ini lote la chura halikuzidi hapo. Fundi aliifuata fomu.

Akaenda kwa mkuu wa maabara.

"Bosi, kwenye fomu ya chura, penye idadi iliyobaki, tuliandika wapo wengi. Naomba turekebishe. Ndugu zake wako nje."

"Tusingeandika hivyo, kibali kingetoka wapi? Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Na vinasaba vyake si tunavyo vyote?" Mkuu aliigonga kompyuta. "Wape chai."

"Kambare hanywi chai, bosi."

Wiki nzima hawakuondoka. Fundi alikosa utulivu: akishika kazi anaiacha, anaenda kuchungulia mapokezi, anakuta nafasi ile iko vilevile. Aliona haya hata kula mbele yao. Ijumaa dada wa mapokezi aliutazama mchoro.

"Mbona na wewe umo humu?"

Fundi alivua koti jeupe, akaenda kuketi pembeni ya ndoo. Kenge alisogea kumpisha.

Jumatatu mkuu aliagiza benchi la pili. Alileta na fomu mpya, ya kinyonga wa mlimani aliyeonekana mara moja tu. Nusu gramu ya ini. Kwenye idadi iliyobaki alikuwa ameshaandika: wapo wengi.

Fundi aliinuka, akavaa koti lake, akachukua wavu. Nyuma yake, kwenye benchi, walisogeleana wakaacha nafasi ya pili.