Siku Mzee Alipooga

Mganga hajigangi. Sisi tunaosha na kunyoa mbwa wa watu kutwa nzima, lakini wetu wenyewe ni wachafu ajabu. Wako wawili, wanaishi hapo hapo kazini: Chokochoko, kijike kidogo chenye domo, na Mzee. Mzee aliletwa kuoshwa, mwenyewe akatoweka kabla hatujamtia maji, asirudi kumchukua. Basi akawa wetu. Mwenye wivu ajinyonge.

Mzee ana kazi yake. Mbwa mwoga akipandishwa mezani, akaanza kutetemeka na kutafuta mkono wa kung'ata, Mzee hujikokota, akalala chini ya meza na kushusha pumzi ndefu. Aliye juu naye hutulia, mkasi ukapita. Hatukumfundisha. Nampenda mbwa yule kuliko baadhi ya ndugu zangu, na ndugu zangu wanajua.

Jumatano moja alijigaragaza kwenye matope yenye mafuta ya gari, akanuka mpaka wateja wakaziba pua. Mdogo wangu akamwosha. Kumbe Mzee ni mweupe! Miaka yote tulidhani ni wa kijivu. Kwa furaha mdogo wangu akamfunga utepe mwekundu shingoni, nami nikacheka badala ya kumwambia aufungue. Kwetu utepe una maana moja tu: huyu tumemmaliza, apelekwe kwao. Anayewapeleka ni shemeji, mume wa mdogo wangu. Alikuja mbio mbio, akijua anatakiwa kumrudisha mbwa mweupe wa mteja wetu, fundi cherehani. Akamwona mweupe mwenye utepe, akambeba. Mweupe mwenyewe, Pamba, alikuwa bado anakaushwa chumba cha nyuma.

Niligundua baada ya shemeji kurudi, jibwa moja lilipofanya vurugu mezani na chini ya meza hakuna mtu.

"Mzee yuko wapi?" nikauliza.

Mdogo wangu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake.

"Si alikuwa na utepe?" akasema.

"Na wewe si una macho? Kila asubuhi unamega naye mkate, leo humjui?"

"Ameoga, shemeji. Ningemjuaje?"

Alisema kweli, ndiyo maana nikazidi kukasirika. Mzee haoni vizuri, na moyo wake ni mbovu. Daktari wa mifugo alishatuonya asistushwe. Lakini si hilo lililonitisha zaidi. Mbwa yule alishaachwa mara moja. Niliogopa atadhani na sisi tumemtupa.

Nikampakata Pamba, shemeji akawasha gari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo fundi, tena makali. Mtu asiyemjua mbwa wake anafuga wa nini?

Fundi alifungua mlango, kidole mdomoni. "Dada, pita taratibu."

Sebuleni alikuwepo mama yake, bibi mwenye maradhi ya kusahau, amekaa kwenye kiti cha mbao. Nywele zake zilikuwa zimechanwa upande mmoja, upande wa pili zimesokotana kama sufi ya mto wa zamani. Chini ya kiti, amelala kifudifudi, Mzee.

"Huwa hataki nimguse kichwa," fundi akaninong'oneza. "Ananipiga, ananiita mwizi. Leo nimeshika kitana, akaanza kulia, huyu akaenda kulala pale. Mama akanyamaza. Nilijua si Pamba tangu alipoingia, dada. Nisamehe. Nilitaka nimalize nywele kwanza."

Mzee alinisikia, mkia ukapiga sakafu, lakini hakuinuka. Alikuwa kazini. Wala hakuonekana kama mtu aliyetupwa.

"Malizia," nikamwambia fundi, nikakaa chini na Pamba wangu.

Akachana polepole, kuanzia ncha. Bibi alifumba macho. Machozi yalimtiririka fundi asiyafute, maana mikono yote miwili ilikuwa kichwani kwa mama yake.

Nywele zilipofungwa, Mzee aliinuka, akajikung'uta, akaja kunilalia miguuni. Bibi akawa anapapasa chini ya kiti, anamtafuta.

"Niachie huyu," fundi akasema. "Nakuomba, dada. Hata mchana tu."

Mimi sina ulimi wa asali. "Simwachi," nikasema. "Akiachwa mara ya pili atakufa, na mimi nitamfuata."

Akainamisha kichwa. Roho iliniuma, lakini sikuwa nimemaliza.

"Ila mama mlete kwetu, kila Jumatano. Kiti kipo, na Mzee atakuwa chini yake. Shemeji atawafuata na gari, hiyo ndiyo adhabu yake. Tena aje na kitana chake, tafadhali. Vya kwetu ni vya mbwa."

Fundi hakujua acheke au alie. Mama yake ndiye aliyeanza kucheka.