Joto la Tatu

Katika mtaa wetu hakuna anayeyajua magari kunishinda mimi. Nimepanda manne maishani, na moja kati ya hayo lilikuwa likivutwa kwa kamba. Basi tuseme najua kukaa. Lakini masikio ninayo, na ukuta wangu na wa Bwana Kipimo ni mmoja, kwa hiyo habari za gari lake nilizipata zingali za moto.

Jumamosi saa nne asubuhi Bwana Kipimo alisimama mbele ya kaunta ya duka la rangi, amekumbatia kipande cha bomba ndani ya gazeti kama mtu aliyeazimwa mtoto. Alikuwa mstaafu wa kusoma mita za maji. Miaka thelathini na miwili aliinamia mashimo ya watu akaandika namba, na jina la Kipimo alilitoa huko. Viganja vilimtoka jasho mpaka gazeti likalowa.

"Nataka rangi ya bomba la moshi," alisema. "Inayostahimili joto."

Muuza rangi alikuwa mama mnene mwenye miwani usoni na nyingine kichwani. "Joto kiasi gani, mzee wangu?"

"Karibu na injini, nyuzi mia sita. Huko nyuma linapungua."

"Gari gani?"

"La kuunga mwenyewe. Lilikuja kwenye masanduku kumi na saba. Mabomba ni manne, yanatokea ubavuni, nje kabisa. Kila mtu anayaona."

"Yanasema?"

Bwana Kipimo alitazama mlangoni kwanza. "Yanasema."

"Yote?"

"La nne ndilo baya."

Muuza rangi aliitika kwa kichwa, kama aliyeambiwa upana wa bomba. "Nani kayachomelea?"

"Mimi."

Mama yule aliitazama mikono yake, laini kama ya karani, haina hata kovu moja la cheche. "Haya," alisema, akageukia rafu.

Aliyeyachomelea ni mkewe, Mama Cheche. Miaka ishirini alikuwa akichomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya pale kona, na mtaa mzima ulijua tabia ya kazi yake: maneno yanayosemwa karibu na chuma wakati kimeyeyuka, chuma huyashika, na kikipata joto huyarudia. Geti langu mwenyewe alilichomelea nikiwa nyuma ya pazia. Mpaka leo jua la saa nane likilipiga, linasema, "Yule bibi anachungulia tena." Nimelizoea. Siku hizi nachungulia dirishani, upande wa pili.

Gari lilijengwa miezi kumi na minne katika ua wao. Mama Cheche alipima, akakata, akachomelea. Bwana Kipimo alimshikia taa. Ndiyo maana bomba la kwanza likipata moto lilisema, "Inua taa. Inua, baba, unanimulika kisogo." La pili lilisema, "Usishike hapo, pana moto," kisha ikasikika sauti ya mwanamume akilia kwa uchungu, kisha, "Si nilikwambia?" La tatu lilihesabu bolti tu, kwa sauti ya Mama Cheche, mpaka ishirini na nne, likaanza upya.

La nne lilikuwa na sauti ya Bwana Kipimo mwenyewe. "Mke wangu, karatasi nitaandika majina mawili, lako juu. Nakuapia mbele ya chuma hiki."

Karatasi yenyewe ilikuwa ya ofisi ya ukaguzi. Ina mistari miwili ya wajenzi, na anayeandikwa hapo anaruhusiwa kuwajengea watu wengine. Wateja wawili walikwisha kuuliza. Na karakana ya pale kona ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Mwenye nayo alikwisha kuuza hata meza. Mama Cheche hakuwa na kingine cha kushika isipokuwa mstari mmoja kwenye karatasi hiyo.

Bwana Kipimo naye alikuwa amewaonyesha wenzake wa zamani wa mita picha za gari, moja moja, na katika picha zote mkewe hakuwamo, maana mke ndiye aliyekuwa akipewa simu apige picha. Wenzake wakaanza kumwita Injinia. Na mtu akishaitwa Injinia mara mbili, mara ya tatu ukimwita kwa jina lake hageuki.

Muuza rangi alipanga vitu vitatu kaunta.

"Hii ni rangi nyeusi ya kupuliza. Piga msasa, futa kwa thina, usiguse kwa kidole kitupu, alama itabaki. Halafu uiivishe kwa injini yenyewe. Joto la kwanza linatoa moshi, la pili linatoa harufu, la tatu linatoa sauti."

"Sauti ya namna gani?"

"Ya mafua. Lakini maneno yanaeleweka."

Bwana Kipimo akaonyesha kopo la pili. "Na hii?"

"Hii ya kauri. Inaokwa kwenye tanuri. Ni nzuri kuliko zote, haichuji, haibabuki. Sauti inatoka kama ya mtangazaji wa habari."

"Hapana, hapana. Hiyo hapana."

"Basi chukua tepi. Unailoweka kwenye ndoo, unaizungusha bomba zima, unaibana kwa waya. Ikikauka, bomba linasema kama mtu aliyejifunika blanketi. Ubaya wake inaficha unyevu, chuma kitakuja kuoza ndani kwa ndani, na wewe hutajua."

"Kuoza kunachukua muda gani?"

"Miaka."

"Ukaguzi ni Alhamisi," alisema Bwana Kipimo, akalipia tepi. Akafika mlangoni, akarudi kuchukua na kopo dogo la nyeusi. Mtu mwenye hofu hununua vyote viwili.

Alipofika nyumbani Mama Cheche alikuwa chini ya gari, miguu tu nje.

"Umepata?"

"Nimepata tepi. Ni kwa ajili ya joto, si unajua. Watu wasije wakaungua."

"Mabomba yale nimeyasugua wiki nzima yang'ae, wewe unayavisha bandeji?"

"Kwa ajili ya joto, mama."

"Sawa, baba. Joto ni lako."

Jumatatu, Mama Cheche akiwa karakana, kabla Bwana Kipimo hajafunga hata tepi moja, wenzake wa mita walifika, watatu, bila taarifa. Wakazunguka gari. Wakapiga bodi kwa vifundo vya vidole. "Injinia, liwashe tulisikie!" Hakuwa na pa kukimbilia. Akaliwasha, injini ikanguruma vizuri, na baada ya dakika nne bomba la kwanza likasema, "Inua taa. Inua, baba, unanimulika kisogo."

"Huyo si shemeji?" aliuliza mmoja.

"Ni redio ya jirani," alisema Bwana Kipimo. Jirani ndiye mimi, na redio yangu haina betri tangu mwaka juzi.

Bomba la pili likalia uchungu wake. La tatu likaanza bolti. Bwana Kipimo alijua la nne linafuata, maana alikwisha kulipima kwa saa: dakika sita kamili. Katika dakika ya sita akanyakua ndoo ya maji akalimwagia. Mvuke ukapanda, bomba likasema, "Mke wangu," likanyamaza. Kisha ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti. Ulikuwa ufa, urefu wa kidole, kwenye kiungo.

"Injinia kalipoza," walisema wenzake wakaenda zao, wakiwa wameridhika.

Bwana Kipimo hakumwambia mkewe. Jumanne akavisha tepi mabomba yote, la nne akalizungusha mara mbili. Alikaa kwenye kiti uani, anatazama bandeji zile, akisimama kila mara kuzikaza waya ambazo zilikuwa zimekazika. Jumatano aliliwasha gari tena. Mabomba yaliguna chini ya tepi, huwezi kutambua neno, lakini la nne lilikuwa linapiga mluzi wa moshi penye ufa, na mkaguzi yeyote mwenye sikio moja angeusikia.

Alhamisi saa moja asubuhi Mama Cheche, aliyezaliwa na masikio mawili, alisimama uani na ngao yake ya uso mkononi.

"Nani kamwagia maji chuma cha moto?"

"Mvua," alisema Bwana Kipimo. Mvua haikuwa imenyesha miezi miwili.

Mama Cheche hakubishana na mvua. Alikata tepi penye ufa, akasafisha, akaweka kipande cha chuma cha kiraka. "Shika taa."

Akashika. Mashine ikawaka, cheche zikaruka, na simu ya Bwana Kipimo ikaita mfukoni. Aliyepiga alikuwa karani wa ukaguzi, anatayarisha karatasi mapema ili foleni isiwe ndefu. Bwana Kipimo alitaka kusogea pembeni, lakini taa ingesogea naye. Akamtazama mkewe: uso umo ndani ya ngao, mashine inachemka kama mafuta kikaangoni, hasikii kitu. Akasema kwa sauti ya chini sana. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona midomo tu. Chuma kilikuwa karibu kuliko mimi.

Tepi haikutosha kukifunika kiraka. Bwana Kipimo akakipulizia ile nyeusi, mara tatu, kabla hata chuma hakijapoa vizuri. Alipoliwasha gari kuiivisha, rangi ilitoa moshi, kama alivyoambiwa. Njiani kwenda ukaguzi ikatoa harufu. Bwana Kipimo aliendesha na kitambaa puani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mabega yalimshuka, maana hakuna kilichosema.

Kwenye lango la ukaguzi palikuwa na kibao: ANAYEINGIA NI MJENZI TU. Mama Cheche alikisoma.

"Basi tunaingia," alisema.

"Leo wakali, mama. Subiri hapo benchini. Nitakuja na karatasi."

Mama Cheche akakaa benchini, na mkoba wake magotini. Ndani ya mkoba alikuwa na kalamu mpya, kama ingehitajika sahihi.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye koti la buluu na kifaa cha kupimia kelele. Alikiweka nyuma ya mabomba. Mabomba yaliguna chini ya tepi.

"Yanasema nini?"

"Injini bado mpya, bwana."

Mkaguzi aliinamisha sikio kwenye la kwanza. "Kuna mwanamke anataka uinue kitu."

"Ana mdomo, bwana."

"Mdomo hatupimi. Tunapima kelele." Akasoma kifaa. "Iko ndani ya kiwango." Alizunguka akakagua bolti za tairi, breki, taa, mkanda. Yote yalikuwa barabara, na viungo vimechomelewa kama vya kiwandani. "Kazi safi hii, Injinia," alisema, akamwelekeza kwenye foleni ya muhuri. Karatasi iliyogongwa muhuri ilikuwa na jina moja. Mstari wa pili ulikuwa na kistari kilichonyooka vizuri.

Bwana Kipimo aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Gari lilikuwa limekaa saa nzima kwenye foleni ya muhuri, limepoa. Akaliwasha, akatoka langoni. Mama Cheche akapanda.

"Limepita?"

"Limepita."

"Tumeandikwa wote?"

"Wote wawili," alisema Bwana Kipimo. "Lako juu, kama nilivyokuapia."

Mama Cheche alitazama mbele. Baada ya muda akavua viatu, akanyoosha miguu ndani ya gari alilolijenga, na akacheka peke yake kidogo. Aliuliza kama wale wateja wawili anaweza kuwapigia leo au asubiri kesho. Bwana Kipimo alisema kesho. Jasho lilimrudi.

Kwenye njia ya reli kizuizi kilishuka mbele yao. Treni ilikuwa bado mbali, haisikiki. Magari yakajipanga nyuma, na ya nyuma yakazima injini moja moja, mpaka ikabaki injini yao peke yake. Dakika sita zilitimia.

Kiraka kilisema. Kilikuwa na mafua kidogo, lakini maneno yalieleweka, na sauti ilikuwa ya Bwana Kipimo.

"Ndiyo, bwana karani. Jina moja tu. Mstari wa pili piga kistari. Hapana, nimejenga peke yangu. Huyu mama? Huyu ananishikia taa."

Bwana Kipimo akageuza ufunguo haraka, injini ikafa. Lakini chuma hakizimwi kwa ufunguo, kinangoja kipoe. Kiraka kikaanza upya, "Ndiyo, bwana karani," na dereva wa lori la nyuma, aliyekuwa ametoa kiwiko dirishani, akapunguza redio yake ili asikie vizuri.

Mama Cheche alivaa viatu, kimoja, halafu cha pili. Hakugeuka.

"Baba," aliuliza, "umesema langu liko mstari wa ngapi?"

"Wa kwanza," alisema Bwana Kipimo, akiwa ameshika mfuko wa shati kwa mikono miwili.

"Jina moja tu," kilisema kiraka.