Choroko za Afrah

Kitendawili: hana ulimi, na kila nyumba anasemewa ndiyo. Umekitegua? Ukishindwa utanipa mji, lakini usiutoe sasa. Ngoja kwanza nikusimulie karata.

Alhamisi alasiri tulikaa mkekani, hapa Boko, mie na wajukuu zangu wawili, Khalil na dada yake Afrah. Baba yao yuko Maskati, kwa hiyo posa ya Afrah ililetwa kwangu. Mposaji ni Farhan, kijana wa Msasani. Watu wake walikuwa waje kuchukua jibu kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Nilimwuliza Afrah mara tatu: unamtaka? Mara zote aliinamisha kichwa, kimya. Kwetu mwari akinyamaza ameridhia. Nikaagiza halua.

Khalil alikuwa anatufundisha poka. Tulichezea choroko, maana kamari siitaki nyumbani kwangu.

"Kila mtu karata mbili, anazificha," alisema. "Tano zinawekwa katikati, ni za wote. Unachagua tano bora katika hizo saba. Zikifanana mbili ni jozi. Tatu zinaishinda jozi. Tano za rangi moja, mathalani shupaza tupu, zinazishinda zote hizo. Mwenzio akiweka choroko, unamfuata, unapandisha, au unatupa karata zako."

Mkono wa kwanza nilipata jozi ya saba, Khalil jozi ya mfalme. Nikazikumba choroko.

"Bibi, rudisha! Mfalme anaila saba."

"Tangu lini, mume wangu? Kwenye wahedi wa sitini saba ndiyo inamla mfalme."

"Huku saba ni saba tu. Na turufu hakuna."

"Mchezo gani huu usio na adabu?"

Afrah alicheka mpaka akashika mbavu.

Mkono uliofuata nilishika mfalme, na mfalme mwingine akatoka katikati. Lakini hapo katikati palikuwa na shupaza tatu. Mwenye shupaza mbili mkononi angenila. Afrah alinyamaza. Akazisukuma choroko zake zote, asibakishe hata moja, akainamisha kichwa.

Khalil alitupa.

"Mke mwenzangu, unazo shupaza?" nilimwuliza.

Kimya. Nikajua anazo. Nikamtupa mfalme wangu.

Afrah akafunua karata zake: mbili ya kopa na tisa ya uru. Hata jozi hana.

"Umezugwa, Bibi!" Khalil alipiga makofi. "Hiyo ndiyo poka yenyewe. Anashinda hata asiye na kitu, mradi nyie mtupe."

"Mbona ulinyamaza kama mtu aliye nazo?" nilimwuliza Afrah.

"Mie sikusema ninazo, Bibi. Umesema wewe."

Alisema hayo huku anazivuta choroko kwenye upande wake wa mkeka. Kichwa alikuwa amekiinamisha vilevile, kama mara zile tatu nilipomwuliza. Nilimtazama. Nikaikumbuka halua.

"Khalil, acha kuchanganya karata," nilisema. "Afrah, nakuuliza mara ya nne, na safari hii kimya chako sikihesabu. Kesho watu wa Farhan wanakuja. Unamtaka?"

Alizikusanya choroko zote, akazirudisha kwenye bakuli langu. Kisha akainua kichwa.

"Simtaki, Bibi."