Kijito Kilichoitwa Ofisini

Jumatatu asubuhi, ofisa wa misitu akiwa anachovya mkate kwenye chai, kijito kiliingia ofisini kwake. Kilipita chini ya mlango, kikazunguka kabati, kikatulia mbele ya benchi alipoketi mjane na wifi yake.

"Kimefika," alisema mjane. "Si ulisema kije chenyewe?"

Ofisa alinyanyua miguu, akamalizia mkate. Wiki iliyopita alikuwa amemweleza vizuri kabisa: sheria inakataza kukata miti kando ya mto. Chao ni kijito. Ki-, mama. Bila hiyo ki-, msitu ungebaki. Marehemu mumewe alizikwa humo msituni, juu kidogo ya chemchemi aliyokuwa akiifagilia majani kila asubuhi, na mjane hakuwa na kaburi jingine la kwenda.

"Mto huwa na mikono," alisema ofisa. "Hiki kinayo?"

Kijito kikanyoosha mikono yake miwili, mmoja wa kutoka bondeni, mwingine wa chini ya jabali. Chumba kikanukia majani mabichi. Kaa akapanda kiatu cha ofisa, naye akamshusha kwa rula.

"Myembamba."

"Hata wewe ulikuwa kitoto, baba," wifi akadakia. "Mbona hawakukukata?"

Ofisa alicheka, maana hakuwa mtu mbaya. Akakipa kijito karatasi ya ombi kiweke sahihi. Kikaweka. Karatasi ikalowa chapachapa, wino ukatawanyika, na ombi lisilosomeka halipokelewi.

Misumeno ilianza mchana huohuo. Trekta la magogo likapita juu ya kaburi, ambalo dereva alidhani ni kichuguu. Jua likaikuta chemchemi, na kijito kilipotaka kurudi nyumbani hakikuona kivuli cha kurudia. Kikabaki ofisini.

Wafanyakazi wamekizoea. Hupoozea soda zao humo, na mkuu wao huwaonyesha wageni jinsi ofisi inavyotunza mazingira. Mjane huja kila asubuhi. Kwanza huyafagia majani yanayoelea, ingawa hakuna mti tena wa kuyadondosha, kisha huinama kuchota. Maji bado yana ladha ileile ya mizizi.

"Ndoo hairuhusiwi, mama," ofisa humkumbusha kwa upole, miguu ikiwa juu ya kiti. "Lete kindoo."