Pua ya Opereta

Shangazi yangu huandika vitabu vya aina mbili: vya historia ya juzijuzi, na vya kufundisha kuchora. Wauza vitabu hawajui wamweke rafu gani. Mimi ndiye mbeba mikoba wake, na siku ile nilikuwa nimemkasirikia kwelikweli.

Sura ya saba ya kitabu chake kipya, kuhusu mgomo wa reli, ilikuwa na pengo. Siku ya mgomo, simu ya kuita askari ilikatika, wagomaji wakarudi makwao salama. Ilikatikaje? Opereta wa simu aliyekuwa zamu siku hiyo bado yu hai, bibi wa miaka themanini na mitano, na alikuwa ametufukuza mara tatu. Mchapishaji naye alishasema Jumatatu kitabu kinaingia mtamboni, pengo au bila pengo. Hiyo ilikuwa Jumamosi.

Na Shangazi, badala ya kinasa sauti, akabeba rangi za maji!

"Leo hatuulizi kitu," akasema. "Tunamchora tu."

Bibi akakubali; nani hapendi kuchorwa? Akajifunga kitambaa kipya, akaketi dirishani. Shangazi akachora uso, na nyuma yake akabuni mtambo wa simu wa zamani, ule wa opereta kuchomeka nyaya matunduni. Nikachungulia, nusura nilie. Mwandishi wa vitabu vitatu vya uchoraji, na pua imekwenda kombo kama mkono wa kikombe! Mpaka leo hataki kuniambia kama alikosea makusudi.

Bibi akadai aone. Akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, pua nakusamehe. Lakini mtambo huu! Matundu safu mbili? Zilikuwa nane! Hebu lete hiyo brashi."

Akachora mwenyewe, ulimi nje: safu nane, nyaya, vitaa vyekundu. Kwenye safu ya tano brashi ikasimama.

"Laini ya Gavana ilikuwa hapa," akasema taratibu. "Alitaka nimuunganishe na kambi ya jeshi. Na mume wangu yuko stesheni na wenzake, wamekaa relini." Akavuta pumzi. "Wanasema laini iliharibika. Haikuharibika. Niliichomoa mimi. Hata mume wangu nilimzika sijamwambia."

Nikatafuta kalamu, machozi yananilenga. Shangazi akamshika mkono, rangi na yote.

"Niandike, mama?"

"Andika. Na majina yangu yote matatu. Nimechoka kusikia watu wakiushukuru waya mbovu."